Kiraka cha Mkono wa Kushoto

Saa tatu asubuhi, Nisreen Athman amepiga magoti juu ya kitambaa cheupe kinachofunika karibu sakafu yote. Hana viatu. Ameuma sindano mbili mdomoni, na kiganja chake kimevikwa kipande cha ngozi nene cha kusukumia sindano. Kutoka barabarani, ghorofa mbili chini, zinapanda honi na sauti za wauza mitumba wa Ngara, lakini humu ndani kinachosikika zaidi ni uzi wenye nta ukipenya kitambaa kigumu.

Anashona tanga la mashua, katika mji ulio safari ya siku nzima kutoka baharini.

"Nikimwambia mtu wa Nairobi kwamba nashona matanga, ananipa pole," anasema, akizitoa sindano mdomoni. "Anadhani nimefiwa."

Anacheka kidogo, kisha anaacha. Kwao nyumbani neno hilo limekuwa na pande zote mbili kwa miaka ishirini na moja, na kwa muda wote huo hakuna aliyejua wasimame upande upi.

Nisreen ana umri wa miaka thelathini na minane. Alizaliwa Lamu, binti wa Athman Mgeni, aliyekuwa mshona matanga. Leo amekodi nusu ya karakana ya Harbhajan Singh, mzee wa miaka sabini na tisa ambaye ukoo wake umeshona maturubai Ngara tangu enzi za babu yake: mahema ya watalii, vifuniko vya malori, mapazia ya masoko.

"Huyu msichana alikuja hapa akisema anataka kazi ya kukata hema," anasimulia Harbhajan, akiwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. "Mimi naangalia vile anashika sindano. Nikamwambia, wewe si mtu ya hema. Nani alikufundisha? Akaendelea kushona. Siku hiyo sikuuliza tena."

Wateja wake ni wenye mashua za starehe za Naivasha, mahoteli ya pwani na manahodha wachache wanaomfahamu kwa sifa. Mwezi ukiwa mzuri anashona matanga mawili. Mwezi mbaya hapati hata moja, na hapo kodi hulipwa na mahema ya harusi.

Ukutani ametundika vipande vinne vya vitambaa, na mteja mgeni haondoki kabla ya kuelezwa kila kimoja.

Cha kwanza ni mkeka wa majani ya mkoma. "Wazee wa zamani sana walisafiri kwa huu," anasema. "Tanga la pembe nne. Upepo ukikusukuma mgongoni, raha. Ukigeuka ukakupiga usoni, tia nanga ungoje, hata kama ni miezi."

Cha pili ni pamba nzito, marekani iliyogeuka rangi ya chai. Kwa kitambaa, na kwa tanga la pembe tatu, chombo kiliweza kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo kwa kukata kona, mara kushoto, mara kulia. Nahodha akaacha kuwa mtumwa wa msimu. Lakini pamba ina ugonjwa wake. Ikilowa huvutika, tanga linaota tumbo, na tanga lenye tumbo halibishi vizuri. Chombo kinateleza ubavuubavu kuelekea kule upepo unakotaka.

Cha tatu ni poliesta, isiyovutika wala kuoza. Cha nne kinang'aa: tabaka mbili nyembamba za plastiki, na katikati yake nyuzi nyeusi zilizolazwa kufuata njia ya nguvu za upepo. Ni kitambaa cha mashua za mashindano. Nisreen alikigusa kwa mara ya kwanza miaka mitatu iliyopita, mteja mmoja alipomletea tanga lililochanika.

"Baba hakuwahi kukiona hiki," anasema. "Alipopotea kilikuwa bado hakijafika huku kwetu. Hilo nataka ulikumbuke, maana bila hilo mambo mengine yote hayana maana."

Athman Mgeni alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Alikula kwa kulia kama alivyolelewa, akasalimia kwa kulia, lakini sindano ilikuwa ya kushoto, na hakuna aliyeweza kumbadilisha. Kwa hiyo mishono yake iliinama upande wake yenyewe, kinyume na ya mafundi wengine wote wa mtaani kwao. Tena alikuwa na tabia moja. Kila alipomaliza kazi alificha fundo chini ya kitambaa, kisha akaongeza mshono mmoja wa kinyume usio na kazi yoyote.

"Nilikuwa nikimuuliza, baba, huo wa nini? Ananiambia, hiyo ni salamu."

Nisreen alikuwa akikaa naye uani, akimpakia uzi nta. Poliesta ilipoanza kuenea pwani, alimwomba baba yake aijaribu. Athman alikataa. "Pamba inasikia," alimwambia. "Ile nyingine ni kiziwi."

Mwezi wa Julai mwaka 2004, kusi ikivuma, Athman alipanda jahazi pamoja na mabaharia wawili kulijaribu tanga jipya la pamba alilokuwa ameshona. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne. Nje ya miamba upepo ulizidi, mvua ikashuka. Kulikuwa na chombo kingine karibu nao, chenye tanga la poliesta lililokatwa kutoka mashua ya mzungu mmoja. Hicho kilibisha, kikakata kona mara kadhaa, kikarudi bandarini.

Waliorudi walisema walichokiona. Jahazi la akina Athman lilikuwa likijitahidi kugeuza uso, lakini tanga lilikuwa limelowa na kuota tumbo kubwa, na chombo kilikuwa kikiteleza ubavu kuelekea kwenye mawimbi yanayovunjika. Kisha mvua ikafunga. Ilipofunguka hapakuwa na kitu.

Haukuonekana ubao, wala kamba, wala mtu.

Mama yake Nisreen hakukaa eda. Watu walimshauri, walimu wa dini walimweleza kwamba kadhi anaweza kutoa hukumu ya kumhesabu aliyepotea kuwa amekufa. Alikataa. Kaka yake, aliyekuwa na duka la kanzu na manukato katikati ya Nairobi, akamchukua yeye na binti yake wakahamia Ngara, kwa sababu dada yake alikuwa hawezi tena kulala akisikia maji.

"Aliniambia atarudi Ijumaa," anasema mama huyo, ambaye ameomba jina lake lisitajwe. Anaongea polepole, mikono mapajani. "Hakusema Ijumaa ipi. Basi mimi ni nani wa kumwambia Mwenyezi Mungu kwamba zimeisha?"

Mambo yaliyoifanya familia hii izungumzwe Ngara yalianza Aprili mwaka huu, mvua za masika zilipokuwa zimeshika.

Sandeep, mfanyabiashara anayeishi Loresho, alikuwa anajiandaa kufungua mkahawa kando ya Waiyaki Way. Alikuwa amenunua pwani tanga kuukuu la pamba kutoka kwa muuzaji wa vitu vya kale, naye alitaka likatwe liwe kivuli cha kufunika meza za nje. Alilileta kwenye pikapu, limefungwa kamba kama godoro.

"Niliambiwa kama ni tanga, mtu ni Nisreen," anakumbuka Sandeep. "Nikamwambia, sasa dada, hii kitu ikatwe vipande vinne, na usiioshe sana. Nataka ikae ya zamani."

Nisreen alilifungua peke yake. Lilikuwa zito kuliko alivyotarajia, na chumvi ilikuwa imekauka kwenye mikunjo mpaka ikawa inameta. Alipofika kwenye mshono wa kwanza mkubwa alisimama. Mishono ilikuwa imeinama upande wa kushoto. Akaufuata kwa kidole mpaka mwisho. Fundo lilikuwa chini ya kitambaa, na juu yake mshono mmoja wa kinyume.

"Nilikaa chini. Sikulia," anasema. "Nilifurahi. Baba alishona matanga mengi miaka ya tisini, yakauzwa huku na huku. Nilijua lazima moja litakuwa limebaki mahali. Nikasema, Alhamdulillahi, amenifikia."

Alasiri hiyo mvua ilikaribia. Nisreen alilitundika tanga kwa pembe moja kwenye ndoano ya darini, akafunga madirisha yote ili maji yasiingie, akarudi kwenye mashine. Haukupita muda akasikia nyuma yake sauti anayoijua tangu utotoni, ile ya kitambaa kikubwa kinaposhtuka na kushika upepo.

Akageuka. Tanga lilikuwa limejaa.

Harbhajan alikuwepo. Anathibitisha kwamba aliliona, na ana maelezo yake. "Mimi najua pamba miaka sitini. Chumvi iko ndani, inakunywa maji ya hewa. Kabla ya mvua pamba ya baharini inavimba, inajikunja. Hii si kitu ya ajabu."

Anatazama dirishani.

"Lakini kuvimba kitambaa ni jambo moja. Hii ilikuwa inavuta. Ndoano ilikuwa inalia."

Ghorofa ya chini yao kuna saluni ya Kamene, mwanamke mchangamfu aliyehamia hapo kutoka Kenyatta Market. Yeye hakuona chochote siku hiyo. Alipanda ngazi akiwa na kitana mkononi, amekasirika.

"Nilikuwa na wateja wawili, mmoja ana mimba, akaanza kutapika," anasema Kamene. "Akasema anasikia harufu ya samaki na maji ya chumvi. Mimi sijawahi kufika Mombasa hata siku moja, lakini hata mimi nikaisikia. Nikapanda nikawauliza, nyinyi mnapika nini huko juu? Nikakuta huyu msichana amesimama tu, ananyamazia kitambaa."

Siku iliyofuata, Nisreen alilitandaza tanga lote sakafuni ili alikague kabla ya kukata. Karibu na pembe ya chini, mahali ambapo kamba huvuta kwa nguvu zaidi, palikuwa na kiraka cha ukubwa wa sinia. Hakukiona mapema kwa sababu kilikuwa upande wa pili.

Kiraka kilikuwa kinang'aa. Kilikuwa na nyuzi nyeusi katikati ya tabaka mbili za plastiki.

"Nikasema moyoni, hawa wa siku hizi wametengeneza tanga la baba kwa kitambaa kipya. Sawa. Nikainama niangalie wamekishona vipi."

Mishono iliinama kushoto. Pembeni, baada ya fundo lililofichwa, palikuwa na mshono mmoja wa kinyume.

Nisreen anasema alikigeuza kiraka mara nyingi, akakipima na kile kilichoko ukutani kwake, akaunusa uzi. Kilikuwa kitambaa cha juzi. Mkono ulikuwa wa Athman. Alifikiri habari ya mwanafunzi, lakini baba yake hakuwahi kuwa na mwanafunzi wa mkono wa kushoto, na ile salamu hakumfundisha mtu yeyote, hata yeye. Alipoijaribu akiwa mtoto, Athman aliufumua mshono wake. "Tafuta yako," alimwambia.

Kupitia Sandeep alipata namba ya muuzaji, na muuzaji akampa namba ya Nahodha Zuhair, anayesafirisha mizigo kwa jahazi katika pwani ya kusini, upande wa Vanga. Nisreen alimpigia akiwa amesimama kwenye ngazi, maana hakutaka kuongea mbele ya tanga.

"Nahodha, samahani kukusumbua. Kile kiraka kwenye tanga lako la zamani, nani alikitia?"

"Wewe ni nani, bibie?" Zuhair aliuliza.

"Mimi ni mshona matanga. Nataka kumjua fundi tu."

"Fundi simjui. Nami ningependa kumjua."

Mwandishi wa makala haya alizungumza na Nahodha Zuhair, naye akarudia maneno yale yale. Mwaka juzi, wakati wa kusi, tanga lilichanika wakiwa karibu na kisiwa kidogo ambacho hakina watu wala maji ya kunywa. Waliingia upande wa kinga, wakatia nanga kwenye maji madogo. Waliposhuka ufuoni kulitandaza tanga, palikuwa na mwanamume amekaa juu ya jiwe.

"Tulimsalimia, akaitikia kwa kichwa. Akasimama, akalishika tanga kama mtu anayeshika kitu chake. Nilikuwa na kipande cha tanga la mashua ya mashindano chomboni, nilikiokota Shimoni kwa ajili ya kufunikia mizigo. Alikiona, akanyoosha mkono. Nikampa. Akakivutavuta, akakitazama juani, akatabasamu. Sindano alikuwa nayo mwenyewe."

"Alishona kwa mkono gani?" Nisreen alimuuliza.

"Wa kushoto. Lakini nilipompa tende alipokea kwa wa kulia."

"Alikuwa amevaa nini?"

"Kikoi na fulana. Nguo zake zilikuwa zimelowa chapachapa, na jua siku ile lilikuwa la kupasua mawe. Alikaa pale mpaka akamaliza, hazikukauka."

Kabla ya kuwaachia tanga, mtu yule alisema neno moja tu. Alisema tanga hili limechoka, halibishi tena, lipelekeni bara likapumzike. Zuhair alimtuma baharia akamchukulie maji ya kunywa chomboni. Baharia aliporudi, maji ya bahari yalikuwa yamejaa, ufuo wenyewe haukuwapo, wala mtu yule. Walizunguka kisiwa chote kwa mtumbwi wakiita.

Nisreen alibakiwa na swali moja, nalo alilichelewesha kwa sababu lilikuwa limebeba tumaini lake lote. Baba yake, kama angekuwa hai, angekuwa na umri wa miaka sitini na mitano. Huenda aliokolewa, huenda alipoteza kumbukumbu, huenda anaishi huko visiwani akishonea watu matanga. Mambo hayo hutokea.

"Nahodha, mzee huyo ni wa makamo gani?"

"Mzee?" Zuhair alishangaa. "Nani kakwambia ni mzee? Kijana yule. Ana arobaini na kidogo, hana hata mvi."

Nisreen anasema alikata simu bila kuaga.

Hakumwambia mama yake. Alirudi nyumbani, akapika, akaketi. Lakini alipopita kumwekea chai, mama alimshika upindo wa buibui, akauinua puani.

"Ulikuwa wapi?"

"Kazini, mama."

"Nguo yako ina harufu ya kusi."

Hapo akamwambia yote. Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akauliza tu kama lile tanga limekwisha kukatwa. Alipoambiwa bado, akasema asilikate.

Jumamosi asubuhi mama alipanda ngazi za karakana kwa mara ya kwanza tangu binti yake aanze kazi pale. Kamene alimsaidia kupanda, kisha akabaki, kwa sababu, anavyosema mwenyewe, miguu ilikataa kushuka. Ilikuwa siku tulivu, isiyo na mvua wala upepo. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Harbhajan alikuwa amewasha udi wake wa kila asubuhi kwenye rafu, na moshi ulikuwa unapanda wima.

Mama alipiga magoti, akakipapasa kiraka. Akaupata ule mshono wa mwisho kwa ncha ya kidole, akakiacha kidole hapo.

"Ndiye," alisema. "Mito yangu ya harusi ameishona hivi. Litundikeni. Lote, kama linavyotwekwa."

Nisreen na Harbhajan walilifunga kwenye boriti mbili za dari, wakaifunga kamba ya chini kwenye mguu wa mashine kubwa ya chuma. Lilining'inia limelegea, zito, likijaza upande mmoja wa chumba.

Kisha likaanza kujaa.

Wote wanne wanakubaliana kuhusu lililofuata, ingawa kila mmoja ana namna yake ya kulisema. Tanga lilijaa taratibu kutoka chini kwenda juu, likawa gumu kama ubao. Kamba ikakaza. Mguu wa mashine ukakwaruza sakafu.

"Mimi niliangalia udi," anasema Harbhajan. "Moshi ulikuwa unapanda wima vilevile. Haukutikisika hata kidogo. Hapo ndiyo niliogopa."

Kamene alishika mlango. Nisreen anasema alichokitambua ni jinsi tanga lilivyokuwa likitetemeka kwenye ukingo wake wa mbele, mtetemo unaoonekana tu chombo kinapojaribu kugeuza uso kwenye upepo kikashindwa. Lilitetemeka, likatulia, likatetemeka tena. Lilikuwa linabisha. Lilirudia hivyo mara kwa mara, kana kwamba limekuwa likifanya hivyo kwa miaka mingi.

Mama alisimama. Alilisogelea mpaka pumzi yake ikawa inaligusa.

"Athman," alisema. "Sisi tulifika. Mtoto amekua, anashona. Usihangaike tena na njia hii. Geuza, uende na upepo."

Tanga lilikaa vile kwa muda, limejaa. Kisha ule mtetemo wa ukingoni ukakoma. Likajitua, likalegea lote kwa pamoja, na uzi wa zamani ukaanza kukatika, mshono baada ya mshono, kwa sauti ndogo kama za viungo vya vidole vikilia. Vipande vya pamba vikaanguka sakafuni. Kilichobaki kinaning'inia kwenye kamba ni pembe ya chini yenye kiraka.

Mama ndiye aliyetoa kauli. Alisema, "Basi," akaomba kiti.

Sandeep alifika baadaye siku hiyo kuuliza kazi yake imefika wapi. Alikuta kitambaa chake kimekuwa matambara na sakafu imelowa.

"Nilikuwa niko tayari kugombana," anakiri. "Hiyo kitu ilikuwa ya ufunguzi wa mkahawa. Halafu nikaona yule mama amekaa, na hawa wengine wamemzunguka. Nikainama nikagusa maji, nikaonja. Sijui kwa nini nilionja. Yalikuwa ya chumvi. Nikamwambia Nisreen, weka tu. Nishonee ingine, ya turubai mpya."

Wiki iliyofuata mama alikwenda kwa kadhi na kaka yake. Hukumu ilipotoka, alivaa nguo za eda akakaa miezi minne na siku kumi, kama mjane mwingine yeyote, katika chumba chao cha Ngara. Majirani walikuja. Mwalimu wa madrasa alisoma. Kwa mara ya kwanza watu wa Ngara waliompa Nisreen pole hawakuwa wamekosea.

Eda iliisha mwezi uliopita. Siku hizi mama anasinzia mchana, jambo ambalo binti yake hakuwahi kuliona.

Kiraka chenyewe tumekiona. Kinahifadhiwa kabatini, ndani ya kanga. Ni kipande cha plastiki chenye nyuzi, kimeshonwa vizuri, na mishono imeinama kushoto. Nisreen hakitoi mara kwa mara, wala hamwombi mtu aamini.

"Ukisema ni chumvi na unyevu, nitakubali," anasema. "Mzee Harbhajan alisema hivyo, nami namheshimu. Mimi ninachojua ni kwamba chombo kimoja kilirudi na kingine hakikurudi, na tofauti yao ilikuwa kitambaa."

Hilo ndilo linalompeleka kusini. Nahodha Zuhair amemwambia kwamba bado wapo wavuvi na wachukuzi wengi upande ule wanaotumia pamba iliyochoka au turubai za plastiki zilizounganishwa ovyo, kwa sababu hakuna fundi wa karibu wa kuwakatia tanga linalobisha. Nisreen amepata chumba cha kupanga karibu na bandari ndogo ya Vanga. Harbhajan amekubali kumpa mashine ya pili, kwa sharti moja.

"Akirudi Nairobi, anaikuta nafasi yake," anasema mzee. "Hii sakafu siwezi kumpa mtu ya hema."

Wanaondoka Desemba, yeye na mama. Zuhair ameahidi kuwachukua kwa jahazi lake siku ya kwanza yenye bahari njema, wapite kwenye kile kisiwa wasome dua. Amesema atakwenda maji yakiwa yametoka na ufuo ukionekana, na kwamba yeye na mabaharia wake hawatakanyaga ufuo ule.

Nisreen alikuwa amepanga kumshika mama mkono, maana mawe ya huko yanateleza. Mama, aliyekuwa akituandalia chai, ndiye aliyelifunga jambo hilo.

"Wewe utabaki chomboni na wenzako," alimwambia binti yake, akimimina. "Nina maneno ya mtu na mumewe. Nikimaliza nitawaita."